Ni kitu gani hasa kinachofanya toleo jipya la simu listahili kuachana na la zamani?

#1 Mwalimu wa Kihonda

Salaam wakuu. Nina simu niliyoinunua mwishoni mwa mwaka 2021, yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Kioo chake hakijapasuka, chaji inaingia vizuri, na kila anayeiona mkononi mwangu huniuliza ninalalamikia nini. Tatizo ni kwamba nikifungua kamera ili niwapige picha wanafunzi, mpaka iwe tayari wao wamekwisha kutawanyika. Na nikilipa kwa simu dukani inanibidi nimwombe radhi mwenye duka pamoja na walio nyuma yangu, huku kile kiduara kikizunguka.

Wiki iliyopita nililipwa malimbikizo yangu. Nikapita Kariakoo, mtaa wa Aggrey, na muuzaji akanionyesha toleo jipya la ukoo ule ule wa simu yangu kwa shilingi 680,000. Nilipomuuliza lina nini ambacho langu halina, akanitajia kamera ya megapikseli 108, RAM ya "8 jumlisha 8", na rangi. Rangi kweli ni nzuri. Nilirudi Morogoro bila kununua, na tangu siku hiyo najiuliza ni kitu gani hasa kinachofanya toleo jipya listahili mtu aachane na simu ambayo bado inawaka. Jina la kampuni naliacha makusudi, maana nawajua humu ndani. Kabla ya ukurasa wa pili uzi utakuwa umegeuka Simba na Yanga.

#2 Kipepeo

Mwalimu, jibu ni masasisho, na mengine yote ni mapambo. Simu ikiacha kupokea masasisho ya usalama unakuwa umebeba pochi iliyotoboka, hasa wewe unayelipia vitu kwa simu. Kioo kizuri na kamera kubwa vitakusaidia nini ikiwa programu ya benki itaikataa simu yako mwakani? Bahati nzuri ni kwamba siku hizi simu zote mpya hupewa miaka saba, kwa hiyo ukinunua sasa umepumzika.

#3 Mkaguzi

Kipepeo, hiyo "zote" umeiongeza wewe. Ahadi ya miaka saba ilikuja na Pixel 8 ya Google mwezi Oktoba 2023, ikafuatwa na Galaxy S24 ya Samsung mwezi Januari 2024, na hizo ni simu za bei ambayo malimbikizo ya mwalimu hayafiki. Kwa simu za bei ya chini, Galaxy A16 ya mwishoni mwa mwaka 2024 iliahidiwa miaka sita, jambo ambalo si la kawaida kabisa. Nyingi za bei yake hupewa toleo moja au mawili ya Android, na nyingine hazina ahadi yoyote iliyoandikwa popote.

Kuhusu programu kuikataa simu, tusimtishe mwenzetu. WhatsApp, mwezi Oktoba 2023, ilianza kutaka Android 5.0 au zaidi, na kwa upande wa iPhone, mwaka 2025 ilianza kutaka mfumo wa iOS 15.1, ndiyo maana waliokuwa bado na iPhone 6 waliachwa nje. Simu ya mwaka 2021 iko mbali na mstari huo. Programu za benki huwa kali zaidi, na hapo nakubaliana nawe.

#4 FundiJangwani

Namwomba mwalimu afungue mipangilio ya simu yake aangalie hifadhi kabla hajafungua pochi. Wengi wanaoniletea simu wakisema imekuwa nzito, nikiangalia nakuta imejaa mpaka shingoni, na sehemu kubwa ni video za makundi ya WhatsApp: harusi za watu wasiowajua, mahubiri, na mtu anayefundisha kupika pilau. Hifadhi ikikaribia kujaa, simu hukosa mahali pa kupangia mambo yake, na kila kitu kinakaa foleni.

La pili ni lile ambalo kufuta hakulitibu. Simu nyingi za bei ya kati za miaka ile zilifungwa hifadhi ya aina ya eMMC, ambayo husoma kama MB 300 kwa sekunde ikiwa katika hali yake nzuri. Aina iitwayo UFS, hata ile ya 2.2 ambayo wala si ya juu, hufika karibu MB 1,000. Tofauti hiyo ndiyo ambayo kidole chako hukihisi unapofungua kamera, na muuzaji hakuitaja kwa sababu mara nyingi haiandikwi kwenye boksi. Alichokutajia badala yake, hiyo "jumlisha 8", ni RAM ya kuazima: simu hukata kipande cha hifadhi na kukipa kazi ya RAM. Kama hifadhi yenyewe ni kobe, umeazima miguu ya kobe.

La tatu ni betri. Jana mama mmoja aliniletea simu iliyokuwa ikizimika ikifika asilimia 30. Niliipasha moto mgongoni, nikapitisha kadi nyembamba ya plastiki ukingoni taratibu, na mfuniko ulipoachia nikakuta betri imetuna kama andazi, imekisukuma kioo mpaka kimeacha mwanya wa kupitisha ukucha. Nilimwekea betri ya shilingi 40,000 na simu ikatulia. Alikuwa amekwisha kulipa kianzio cha simu mpya.

#5 Bint Kisauni

Ahsante fundi, ila usimfungie mwalimu kwenye hifadhi peke yake. Mimi hupiga picha za harusi hapa Mombasa, na zile ambazo familia inazitaka usiku ule ule nazipiga kwa simu. Kwangu toleo jipya hustahili pale linapopata picha ambayo la zamani haliwezi kuipata. Kuipata picha ile ile kwa namba kubwa zaidi si sababu. Kamera ya 108 kwa kawaida huunganisha nukta tisa kuwa moja na kukukabidhi picha ya megapikseli 12. Kinachobeba picha ni ukubwa wa kihisi kinachopokea mwanga, utulivu wa lenzi mkono unapotikisika, na jinsi programu ilivyofundishwa kuisoma ngozi. Tecno walijijengea jina Afrika kwa kulishughulikia hilo la mwisho wakati wengine walikuwa bado wanatupiga picha tukatoka kama vivuli.

Nilibadilisha simu mwaka juzi kwa sababu ya hina. Bibi harusi amekaa ukumbini saa nne ya usiku, taa za zambarau zinazunguka, na simu yangu ya zamani ikayageuza maua yote ya mikononi mwake kuwa doa moja jeusi. Niliazima simu ya mdogo wangu, nikapiga tena, na nikaona hadi ule mstari mwembamba unaozunguka kidole gumba. Kesho yake nilikwenda kununua. Zile lenzi za megapikseli 2 zinazopangwa nyuma ya simu ili zihesabike nne, mwalimu, usizilipie hata senti.

#6 Mzee wa Makambako

Naona mnazunguka mbuyu. Makampuni huzifanya simu za zamani kuwa nzito kwa makusudi ili tununue mpya, basi. Kila tangazo la toleo jipya likitoka, simu yangu huanza kuchechemea siku hiyo hiyo kana kwamba imeambiwa. Nilikuwa na simu ya tochi iliyodumu miaka tisa na haikuwahi kuniomba sasisho hata siku moja.

#7 Mkaguzi

Shikamoo mzee. Hoja yako ina mguu mmoja wa kweli. Mwezi Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, na maelezo yake yalikuwa kwamba betri ya namna hiyo ikidaiwa nguvu nyingi kwa ghafla, simu huzimika yenyewe. Ikashusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi 29, na ukibadilisha, kasi inarudi. Kwa hiyo hata katika kisa hicho ambacho dunia nzima inakitaja, dawa ilikuwa betri, na hiyo inamrudisha mwalimu mezani kwa fundi.

#8 Kipepeo

Mkaguzi, leo umekuwa wakili wao? Italia haikuridhika na maelezo hayo. Oktoba 2018 mamlaka yao ya ushindani iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5, kwa sababu ya masasisho yaliyozielemea simu za watu bila kuwaeleza vya kutosha. Mzee hajakosea sana.

#9 Mkaguzi

Sikuwatetea. Ila umeona kwamba mfano wako unauuma mkono wako mwenyewe? Katika chapisho namba 2 ulisema masasisho ndiyo kila kitu, na sasa unaniletea kesi ambayo masasisho yenyewe ndiyo mshtakiwa.

#10 Kipepeo

Hahaha, umenipata. Nilimaanisha ya usalama, si yale makubwa yanayobadilisha sura ya simu nzima. Yangetengana ningefurahi.

#11 Mwalimu wa Kihonda

Nimerudi na ripoti. Fundi ulisema kweli, aibu ni yangu: katika GB 64 zilibaki GB 2 na kidogo. Kundi la walimu wa shule yetu peke yake lilikuwa na GB 11, na ndani yake nilikuta video ya mahafali yale yale imetumwa na watu sita tofauti. Nimefuta kwa muda wa saa nzima. Kamera sasa inafunguka mapema kuliko awali, ingawa bado naweza kuhesabu moja, mbili, tatu kabla haijakubali kupiga. Malipo ya simu ni afadhali kidogo tu. Kwa hiyo nusu ya ugonjwa imepona, na sijui kama nusu iliyobaki inastahili shilingi 680,000.

#12 Chaguo la Tatu

Mwalimu, kuna njia ambayo hakuna aliyeigusa. Kwa fedha hizo usinunue toleo jipya la daraja la kati. Nunua simu iliyokuwa ya juu kabisa miaka mitatu iliyopita, iliyotumika na ikatunzwa. Utapata hifadhi ya haraka ambayo fundi anaisifu, kihisi kikubwa ambacho Bint Kisauni anakisifu, na mwili wa kioo na chuma badala ya plastiki. Mimi nimefanya hivyo mara mbili, na sijawahi kununua simu mpya tangu mwaka 2018.

#13 FundiJangwani

Chaguo, hizo "zilizotunzwa" ndizo zinazonilisha. Mwalimu akienda njia hiyo aangalie afya ya betri, ajue kama mgongo umewahi kufunguliwa, na apige *#06# alinganishe namba ya utambulisho wa simu (IMEI) itakayotokea na ile iliyo kwenye mipangilio na kwenye boksi. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500, na kuanzia iPhone 15 wakasema mara 1,000. Simu ya miaka mitatu iliyochajiwa kila usiku imepita 500 zamani, kwa hiyo bei ya betri uiweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

#14 Salma wa Ruwi

Nawasalimu kutoka Muscat. Nyongeza kwa wanaosubiri kutumiwa simu na ndugu: iPhone 14 na zilizofuata, zikiwa zimeuzwa Marekani, hazina kabisa tundu la laini, zinatumia laini ya kielektroniki iitwayo eSIM. Kwa iPhone 17 mtindo huo umefika mpaka huku Oman na nchi jirani za Ghuba. Nilimtumia mpwa wangu wa Tanga simu ya namna hiyo, akanipigia kwa simu yake ya zamani akiwa na pini mkononi, anauliza tundu liko upande gani. Tulizunguka naye ubavu kwa ubavu kwa njia ya video mpaka nikagundua kwamba ninamtafutisha kitu kisichokuwepo. Ilimbidi afunge safari hadi dukani kwa mtandao wake akahamishiwe laini. Sasa anaipenda, lakini hawezi tena kuchomoa laini na kuiweka kwenye kitochi umeme ukikatika siku mbili, na kwake hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kamera.

#15 Mzee wa Makambako

Pini mkononi! Binti Salma, Mungu akuweke, nimecheka mpaka nikapaliwa.

Fundi kataja *#06# nikakumbuka tarehe 16 Juni 2016, siku TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilipozima simu bandia. Jirani yangu alikuwa na simu aliyoringia kijiji kizima, ina antena na laini nne, na asubuhi ile ikawa kioo cha kujitazamia. Hapo ndipo toleo jipya lilistahili kununuliwa bila mjadala.

#16 Kiplagat wa Boda

Niko Eldoret, kazi yangu ni ya pikipiki, na simu yangu inaishi kwenye mshipi wa usukani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Mnaongea kuhusu kasi na kamera kana kwamba sote tunatumia simu tukiwa kivulini. Kwangu sababu ya kuhama ilikuwa mwangaza wa kioo. Ile ya zamani, jua la saa saba likipiga, nilikuwa nafunika kwa kiganja ili nione mteja amesimama wapi, na mara mbili nilipitiliza. Hii ya sasa ina kioo cha AMOLED ambacho nakisoma juani, na betri ya mAh 6,000 inayonifikisha nyumbani. Prosesa yake, yaani ubongo wa simu, ni ya kawaida tu na sijali.

Niliichukua kwa mkopo wa kulipa kila siku, na hapo mwalimu asikie: ukichelewa siku moja simu hufungwa, na simu ikifungwa mimi sipati wateja wa kunipatia fedha za kuifungua. Kampuni siitaji. Aliye na malimbikizo mkononi anunue taslimu.

#17 Kipepeo

Pole Kiplagat, huo ni mtego wa panya kabisa. Mwalimu, bado hujatwambia kama toleo uliloonyeshwa lina 5G, mtandao wa kizazi cha tano. Vodacom waliizindua Tanzania mwezi Septemba 2022, na Safaricom wakafuata kibiashara huko Kenya mwezi uliofuata, kwa hiyo kununua simu ya 4G leo ni kununua basi ambalo linakaribia kituo cha mwisho.

#18 Mzee wa Makambako

Mwanangu, mimi 4G yenyewe naifuata chini ya mwembe wa kanisa. Nikiinunua hiyo 5G itanibidi niinunulie na mwembe wake.

#19 FundiJangwani

Kabla hatujafika kwenye 5G, mwalimu aangalie kama hilo toleo "jipya" ni jipya kweli. Redmi Note 10 Pro ya mwaka 2021 ilikuwa na chipu (prosesa) ya Snapdragon 732G na kamera ya 108. Mwaka 2023 ikaja Redmi Note 12 Pro ya 4G, na ndani yake mkakuta Snapdragon 732G ile ile na kamera ya 108. Chipu ya Helio G99 ilitangazwa mwaka 2022, na Helio G100 iliyofuata mwaka 2024 ni pacha wake kwa karibu kila kitu. Namba ya jina hupanda kila mwaka kwa sababu duka linahitaji kitu cha kubandika ukutani, lakini chipu haina haraka hiyo. Ukiruka matoleo matatu au manne ndipo unapoanza kuona tofauti, na hata hapo linganisha aina ya hifadhi na chipu, jina liache.

#20 Bint Kisauni

Hapo fundi sikubaliani nawe moja kwa moja. Chipu inaweza kuwa ile ile na kioo, chaji au lenzi vikawa vimebadilika, na hivyo ndivyo mtu anavyoviona na kuvishika. Kiplagat ametoka kutueleza kwamba prosesa ya kawaida haimsumbui. Wewe unaipima simu kwa kilicho ndani kwa sababu siku nzima unaiona ikiwa wazi.

#21 FundiJangwani

Dada, hilo nimelipokea. Ila wanaorudi kwangu baada ya miezi kumi na minane wakisema "imekuwa nzito" hawarudi kwa sababu ya kioo.

#22 Mkaguzi

Nitatia neno moja la sheria, maana linagusa betri na masasisho kwa pamoja. Tangu tarehe 20 Juni 2025 Umoja wa Ulaya unataka simu mpya zinazoingizwa sokoni kwao ziwe na betri inayobaki na angalau asilimia 80 baada ya mizunguko 800 ya chaji, na masasisho ya angalau miaka mitano. Sisi hatumo katika sheria hiyo, lakini mtengenezaji akiuza simu ile ile huku na kule, huenda tukafaidika na uzio wa jirani. Ningekuwa mwalimu, ningetafuta toleo linalouzwa hata Ulaya.

#23 Chaguo la Tatu

"Huenda". Wakati mwingine simu yenye jina moja huja na chipu mbili tofauti kulingana na soko, na ya kwetu ndiyo hupata ile ya pili. Asome namba ya modeli, asisome jina.

#24 Mwalimu wa Kihonda

Wakuu, nimewasoma wote, na nimekwenda kwenye maduka matatu hapa Morogoro mjini kufanya jaribio langu la kienyeji. Nilikuwa nafungua kamera ya kila simu ya mezani huku nikihesabu kimoyomoyo. Ile niliyoonyeshwa Kariakoo, yenye 108 na "8 jumlisha 8", nilifika mbili. Yangu nafika tatu. Kulikuwa na nyingine, bei pungufu kwa shilingi 90,000, rangi yake ya kijivu isiyovutia hata kidogo, kamera ya 50, na hiyo sikuwahi kuhesabu. Nilikuta imekwisha kufunguka. Nilimuuliza kijana wa dukani kama hifadhi yake ni eMMC au UFS, akanitazama kana kwamba nimemuuliza kabila la simu, kisha akanijibu, "Mwalimu, hifadhi yake ni kubwa." Masasisho yake ni ya miaka miwili tu, kwa hiyo Kipepeo najua utanuna. Juani sikuijaribu, Kiplagat, kwa sababu walikataa nisitoke nayo nje.

Bado sijanunua. Jumamosi nitashuka Jangwani kwa fundi aniwekee betri mpya kwenye hii ya zamani, nione kwanza ile tatu itakuwa ngapi.

#25 Mzee wa Makambako

Na ikibaki tatu, hiyo ya zamani utaiuza shilingi ngapi? Yangu mimi nahesabu hadi saba.

#26 Mwalimu wa Kihonda

Mzee, si ulisema wenyewe huzifanya nzito kwa makusudi?

#27 Mzee wa Makambako

Nilisema. Sasa bei?